Sumaku ya Ubongo na Muhogo wa Mkulima
Na Mwandishi Wetu, Buzuruga, Mwanza

Wapo baadhi ya wasomi wetu ambao, wakisikia habari za mtambo wa sumaku wa kupimia ubongo, husema kuwa hayo ni mambo ya Ulaya, hayamhusu mkulima wa Kanda ya Ziwa. Fikra hiyo ni potofu, na yafaa isahihishwe.

Mwaka 1985, katika mji wa Sheffield, Uingereza, Anthony Barker na wenzake walionyesha kuwa duara la waya lenye umeme mkali wa kufumba na kufumbua, likiwekwa juu ya kichwa, huzaa nguvu ya sumaku inayopenya fuvu bila kisu wala maumivu makali. Likielekezwa kwenye sehemu ya ubongo inayoamuru viungo, mkono wa upande wa pili hushtuka. Kutoka ubongoni hadi kwenye misuli ya kiganja amri hiyo huchukua takriban sehemu 20 za elfu za sekunde. Ikichelewa au isipofika, daktari anajua kuwa njia imeharibika.

Mwaka huohuo wa 1985, wilayani Tarime, mbele ya barabara hii ipitayo Buzuruga kwenda Musoma, ukame ulikuwa umewaachia wananchi muhogo mchungu peke yake. Watu waliolala wazima waliamka miguu imekakamaa. Wengi walikuwa kina mama na watoto. Ugonjwa huo ni konzo, jina litokalo Kongo, ambako daktari Trolli aliueleza mwaka 1938. Hauna tiba, na aliyepooza hubaki hivyo maisha yake yote.

Je, sumaku iliingiaje hapo? Mwaka 1993 Tylleskär, Howlett, Rwiza, Rosling na wenzao walitoa taarifa ya uchunguzi wa wagonjwa wawili wa konzo. Picha za ubongo na za uti wa mgongo hazikuonyesha kasoro. Lakini sumaku iliposhtua ubongo, misuli haikuitika. Hivyo ikathibitika kuwa konzo si uchawi, si uvivu, wala si polio. Ni madhara katika njia ile ile inayopeleka amri za ubongo kwenye viungo, nayo huambatana na sumu ya sayanaidi ya muhogo usioandaliwa vya kutosha, hasa mlaji akikosa samaki, maharage au nyama.

Mama wa kijijini hakukosa maarifa. Bibi zetu walijua kuloweka muhogo siku kadhaa, kuuvundika, kuuanika na kuutwanga hata ukawa udaga salama. Njaa ndiyo iliyompokonya mama siku hizo. Mtoto anayelia hasubiri muhogo ukauke. Kumlaumu mama huyo ni dhuluma. Anayepaswa kuulizwa ni yule aliyeona mvua imekatika akakaa ofisini akisubiri taarifa. Na somo hilo halikwisha Tarime, kwani kati ya 2001 na 2003 konzo ilizuka tena kusini mwa nchi yetu.

Ndugu watumishi na walimu, kazi ipo. Bwana shamba awafikishie wakulima mbegu za muhogo zenye sumu kidogo. Afisa wa wilaya ahesabu akiba ya chakula kabla ya ukame kukomaa. Mwalimu afundishe kuwa hata unga uliokwisha kusagwa unaweza kupunguzwa sumu: uchanganywe na maji, utandazwe mwembamba kwa saa mbili juani au tano kivulini, kisha usongwe ugali siku hiyohiyo. Taifa lililoendesha kampeni ya Mtu ni Afya mwaka 1973 na ya Chakula ni Uhai mwaka 1975 haliwezi kudai kuwa halijui namna ya kuwafikia wananchi wake.

Mtambo wa sumaku waweza kutuonyesha njia iliyokatika. Hauwezi kuiunganisha. Kuizuia isikatike ni wajibu wetu sisi tunaolipwa mshahara na mkulima huyo.