Baridi Inasingiziwa
Novemba ikiingia, bustani nyingi za mboga London huachwa ukiwa, na lawama zote hutupiwa baridi. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: sukuma wiki hustahimili jalidi, tena majani yake huongeza sukari yakanoga zaidi, na kitunguu saumu hupandwa majira haya haya. Kinachokosekana ni mwanga. Urefu wa mchana ukipungua chini ya saa 10, mboga nyingi karibu husimama kukua. Utasema, basi tuhamie ndani kwenye joto. Lakini joto bila mwanga huzaa miche mirefu, iliyopauka, inayolala kabla haijapata jani la kuchuma. Anayetaka mchicha wa Desemba anunue taa kwanza. Hita haioteshi mboga.