Papa Shirandula: mwisho haukuandikwa, lakini wasomeka

Wahenga walinena kwamba njia ya mwongo ni fupi. Hata hivyo, iko njia moja ya mwongo ambayo Wakenya waliiandama kwa macho yao kwa zaidi ya miaka 10, wakiwa wameketi sebuleni mwao, na mpaka leo hawajauona mwisho wake. Ninazungumzia kipindi cha Papa Shirandula kilichokuwa kikionyeshwa na runinga ya Citizen, na ambacho kilikoma baada ya mwigizaji wake mkuu, marehemu Charles Bukeko, kuaga dunia tarehe 18 Julai 2020.

Nimesukumwa kuandika makala haya na mjadala uliozuka miongoni mwa wanafunzi wangu. Tulikuwa tukizungumza kuhusu namna simulizi hufungwa, nami nikawauliza wanaufasiri vipi mwisho wa kipindi hicho ambacho wengi wao walikua wakikitazama. Mmoja alisimama akasema kwamba kazi isiyofika tamati haina maana inayoweza kutolewa, kwa hivyo swali langu halina jawabu. Mwenzake, binti mwenye sauti ya uthabiti, akampinga akisema kwamba mwisho upo tena u wazi: Papa alikufa, na mauti ndiyo tamati ya kila kitu. Darasa likagawanyika pande mbili. Kwa maoni yangu pande zote mbili zilikosea, na kosa lao si dogo, kwa kuwa linatokana na namna sisi walimu tulivyowafunza kusoma.

Kwa faida ya msomaji ambaye hakubahatika kukitazama kipindi hicho, nitaeleza kwa muhtasari. Papa ni bawabu, au soja kama tusemavyo mitaani. Kazi yake ni kulinda lango. Lakini mkewe, Wilbroda, aliyeigizwa na Jacky Nyaminde, anaamini kwamba mumewe ni mtu mkubwa ofisini. Papa huondoka nyumbani akiwa amevaa suti, akifika kazini huivua na kuvaa sare ya ubawabu, na jioni huivaa suti tena kabla ya kurejea kwake. Vicheko vyote, ugomvi wote na hila zote za marafiki zake huota kutoka kwenye shina hilo moja.

Sasa na tuirudie lugha, kwa sababu lugha yetu ina hazina ambayo mara nyingi tunaipita bila kuinama kuiokota. Kiswahili hakina neno moja tu la kueleza kufika mwisho. Tunasema jambo limekwisha, limekoma, limekatika, limekamilika. Maneno haya si sawa. Kilichokamilika kimetimiza kilichokusudiwa. Kilichokoma kimesimama tu, na huenda hakikutimiza lolote. Kilichokatika ni kama kamba: tunaona ncha mbili, na kauli ya kitenzi hicho haitutajii aliyeikata. Tukisema kamba imekatwa, mara moja tunauliza imekatwa na nani. Tukisema imekatika, tunaitazama kamba yenyewe.

Kipindi cha Papa Shirandula hakikukamilika. Kilikatika. Yule kijana wa kwanza aliyaona haya, lakini akafanya haraka ya kuhitimisha kwamba kilichokatika hakina maana. Je, kamba iliyokatika haionyeshi ilikokuwa imefungwa? Haionyeshi ilikuwa ikivuta mzigo gani?

Binti naye aliteleza mahali ambapo wengi wetu tuliteleza mwezi ule wa Julai. Watu walisikika kila mahali wakisema kwamba Papa Shirandula amefariki. Aliyefariki ni Charles Bukeko, mwana wa watu, mwenye jamaa na kaburi lake kule Busia. Papa ni mhusika, naye hakuna aliyeandika kifo chake. Kutenganisha mwigizaji na mhusika ni somo la kwanza kabisa katika uhakiki wa tamthilia. Tunaweza kusamehewa kwa sababu ya majonzi, na pia kwa sababu ya wakati wenyewe. Shule zilikuwa zimefungwa tangu Machi kwa ajili ya korona, na wengi wa wanafunzi hawakurudi madarasani hadi Januari 2021. Vijana walizipokea habari hizo wakiwa majumbani, mbele ya runinga ile ile, bila mwalimu wala mwenzao wa kujadiliana naye. Lakini msamaha si hoja. Tukilikubali kaburi la mwigizaji liwe ndio mwisho wa hadithi, tutakuwa tumelizika swali la hadithi pamoja na maiti isiyolihusu.

Swali hilo ni lipi? Wengi watasema ni hili: je, Wilbroda atajua lini? Mimi nasema hapana. Mtazamaji alijua ukweli tangu mwanzo. Kwetu sisi hapakuwa na siri yoyote. Kila tulipoketi kutazama, tulimwona mtu mzima akiionea haya kazi halali inayomlisha yeye na jamaa yake. Hayo tuliyaona mara nyingi kiasi kwamba tuliyazoea, tukayacheka. Swali lililokuwa likiulizwa ni hili: ni nani aliyemfunza Papa kuionea haya sare yake?

Hapa mtaani kwetu Section 58, mjini Nakuru, takriban kila lango la ploti na nyumba kubwa lina bawabu. Alfajiri moja nikiwa natoka kwenda kazini, nilimkuta mmoja wao, mzee wa makamo, akiikunja sare yake taratibu na kuitia mkobani. Alikuwa amekwisha kuvaa shati jeupe lililopigwa pasi na koti la suti. Nilimtania nikamuuliza, "Mzee, leo kuna arusi?" Hakucheka. Alinijibu, "Daktari, kule ninakoishi watoto wangu hawajawahi kuniona na nguo hizi." Kisha akanitakia siku njema, akashika njia ya stejini. Nilibaki nimesimama pale langoni, nikiwa nimeona aibu mimi badala yake. Kwa miaka mingi nilikuwa nimemcheka mtu huyo katika runinga bila kujua kwamba ndiye anayenifungulia lango.

Tusidhani kwamba haya ni mambo ya uigizaji tu. Mwaka 2016 Bunge lilipitisha sheria ya kusimamia sekta ya ulinzi wa kibinafsi, na mapema mwaka 2024 kulizuka mvutano mkubwa kuhusu agizo la kuwalipa mabawabu kima cha chini cha shilingi 30,000 kwa mwezi. Watu waliibishania ile pesa kwa ukali, na ni haki yao. Ni wachache mno walioiuliza heshima. Waswahili husema kazi mbi si mchezo mwema, lakini ukimwuliza mwanafunzi wa Kidato cha Nne angependa kuwa nani, na umtajie ubawabu, darasa zima litaangua kicheko. Kicheko hicho ndicho kilichomvisha Papa suti.

Najua kuna watakaonipinga. Watasema kwamba ninamtetea mwongo, na kwamba mwisho uliokosekana ni ule ambao Papa angefichuliwa na kuaibishwa mbele ya mkewe, ili kizazi kichanga kijifunze kwamba uongo haulipi. Hoja hii ina uzito, nami sitaidharau. Wilbroda alidhulumiwa. Mke aliyefichwa kazi ya mumewe amefichwa nusu ya maisha yake mwenyewe. Ikiwa kuna kitu ambacho mauti yalitunyima, si aibu ya Papa, kwani aibu hiyo tuliiona ya kutosha. Tulinyimwa maneno ya Wilbroda siku ambayo angejua. Pengine angemtukana. Pengine angemwambia kwamba alijua zamani, akanyamaza kwa kumstahi. Pengine angeichukua ile sare akaifua na kuianika uani ili majirani wote waione. Kila mojawapo ya miisho hii ingeibadilisha maana ya yote yaliyotangulia. Hapo kipindi kina upungufu wa kweli, na haifai mhakiki aupake rangi uonekane kuwa ni ufundi.

Hata hivyo, wanaodai fedheha iwe ndiyo tamati wanasahau kwamba fasihi yetu imewahi kulikabili suala la neno lisilo la kweli kwa upevu zaidi ya huo. Ebrahim Hussein katika tamthilia yake ya Kinjeketile, iliyochapishwa mwaka 1969 na inayohusu vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907, anamfikisha mhusika wake gerezani. Anatakiwa akiri kwamba maji yalikuwa uongo. Anakataa. Maji hayakuzuia risasi, na watu wamekufa, lakini anahofia kwamba akikiri, vizazi vijavyo vitaambiwa kwamba kupigania haki kulikuwa uongo pia. Ni mwisho unaomwacha msomaji na mzigo mikononi. Ikiwa twaweza kumfunza mwanafunzi kuubeba mzigo huo, kwa nini tunadhani hawezi kuubeba ule mwepesi wa Papa Shirandula?

Ughaibuni nako mambo ni yayo hayo. Tarehe 10 Juni 2007 tamthilia ya Kimarekani ya The Sopranos ilimalizika kwa kioo kugeuka cheusi ghafla, mhusika mkuu akiwa mezani mkahawani na jamaa yake. Wapo watazamaji waliodhani mitambo yao imeharibika. Huku kwetu tungedhani umeme umepotea. Mwandishi wake, David Chase, aliandamwa kwa miaka mingi aseme kama mhusika huyo alikufa au la. Tofauti ni kwamba giza la Chase lilikusudiwa, na la Papa Shirandula lilitujia bila kualikwa. Lakini kwa msomaji kazi ni ile ile: kurudi nyuma na kupima kilichokuwa kikijengwa.

Tena jambo hili si geni kwetu. Msimulizi wa ngano za Waswahili alipofika mwisho aliwaambia wasikilizaji kwamba hadithi ikiwa nzuri ni ya wote, na ikiwa mbaya ni yake mwenyewe. Fomula ile haikuwa pambo. Ilikuwa hati ya kuwakabidhi wasikilizaji mali yao.

Sasa nawageukia walimu wenzangu. Kijana anayebishana kwa ufasaha jioni kuhusu mwisho wa tamthilia ya runinga, akitoa ushahidi wa mambo aliyoyaona wiki tatu zilizopita, ndiye huyo huyo anayekuwa bubu asubuhi anapoulizwa kuhusu mwisho wa Kigogo au wa Bembea ya Maisha. Si kwamba hana akili. Amefunzwa kwamba jawabu liko katika kijitabu cha mwongozo, na kwamba kazi yake ni kulikariri hadi siku ya karatasi ya tatu ya Kiswahili katika KCSE. Tumempa miisho iliyotafunwa, halafu tunalalamika kwamba hana meno.

Napendekeza tuwaulize maswali matatu tu kuhusu mwisho wa kazi yoyote, iwe ya kitabu au ya runinga. Kwanza, kazi hii iliahidi nini mwanzoni? Pili, mwisho wake umemnyima nani nafasi ya kusema? Tatu, ni kitu gani ndani ya kazi yenyewe kinachokufanya useme hivyo? Mwanafunzi akilijibu la tatu kwa ushahidi, apewe alama zake hata kama mwongozo hausemi hivyo. Asiye na ushahidi asipewe, hata kama jibu lake latufurahisha.

Kwa wanafunzi nina neno moja. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Kipindi kilikatika, lakini kazi ya kukisoma ingali mikononi mwenu. Na kesho asubuhi mtakapopita langoni mwa shule, msalimieni bawabu kwa heshima anayostahili mtu wa umri wake, tena muulizeni jina. Huenda wengi wenu mmepita mbele yake kwa miaka 4 bila kulijua.