Mgongo wa mkulima: mchuaji anaishia wapi, hospitali inaanzia wapi?

Anayelima kwenye miteremko ya Usambara anajua mgongo unavyodai. Kutwa ameinama na jembe, jioni anapanda mlima na kuni au viazi kichwani. Maumivu yakizidi, wengi huanzia kwa mchuaji wa kijijini, mwenye mafuta yake na maji ya moto, ndipo wafikirie zahanati.

Je, wanakosea? Si lazima. Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kuwa mwaka 2020 watu milioni 619 duniani walikuwa na maumivu ya mgongo wa chini. Desemba 2023 shirika hilo lilitoa mwongozo kuhusu maumivu hayo yanapodumu. Kuchua ni mojawapo ya njia zilizotajwa, pamoja na mazoezi, elimu na msaada wa kisaikolojia. Maana yake, atazamwe mtu mzima, si kiuno peke yake.

Hapo ndipo mchuaji mzuri anapopata sifa. Anauliza unabeba nini, unalalaje, nyumbani kuna nini. Kwenye zahanati yenye foleni ndefu, maswali hayo mara nyingi hayapati nafasi.

Lakini mikono haioni ndani ya mfupa. Usichuliwe, nenda kituo cha afya mapema ukiona haya:

- Umeanguka au umepata ajali ya bodaboda, na kiungo kimevimba au kimepinda.
- Mguu mmoja umevimba ghafla na unauma. Huenda damu imeganda kwenye mshipa.
- Mgongo unauma pamoja na homa, jasho la usiku au kukonda. Kifua kikuu hushika hata uti wa mgongo.
- Miguu inakufa ganzi au inakosa nguvu, au umeshindwa kuzuia haja.
- Una mimba na mtu anataka kulisukuma tumbo ili kumgeuza mtoto. Kondo la nyuma linaweza kuachia, mama akavuja damu.

Sheria nayo ipo. Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002 iliunda Baraza la kusimamia tiba hizo, na inawataka wanaozitoa wasajiliwe. Kwa hiyo una haki ya kumuuliza anayekutibu kama amesajiliwa. Mchuaji anayetaka kujisajili aanze kwa mratibu wa tiba asili wa halmashauri yake, iwe Lushoto au Bumbuli.

Hata hivyo cheti peke yake hakitoshi. Kinachopungua ni mazungumzo. Mchuaji anayemwogopa daktari atamkalia mgonjwa wa kuvunjika wiki nzima. Mgonjwa anayeogopa kukaripiwa atamficha muuguzi kwamba alichuliwa. Zahanati ikiwaita wachuaji wa kata yake na kuwaeleza dalili hizi tano, gharama yake ni kikao kimoja. Kutofanya hivyo kunaweza kugharimu mguu wa mtu.

Na ukirudi shambani, gawa mzigo mara mbili. Mgongo uliochuliwa leo ukibebeshwa gunia lilelile kesho, utauma tena.