Petroli Inapotelea Chini ya Mwembe

Kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji, EWURA, hutangaza bei ya juu kabisa ambayo muuza mafuta aweza kumtoza mnunuzi. Siku hiyo, toka Tegeta mpaka Mbagala, wenye motokaa hulipokea tangazo hilo kama watu wasubirio hukumu. Hawana kosa. Mwezi Mei 2022 lita moja ya petroli katika Dar es Salaam ilifika Shs. 3,148, hata Serikali ikatoa ruzuku ya shilingi bilioni 100 ili kupunguza makali yake. Mwezi Agosti 2023 bei iliruka kutoka Shs. 2,736 za Julai ikafika Shs. 3,199.

Bei hiyo haimo mikononi mwa mkaazi wa Temeke wala wa Kinondoni. Hutokana na soko la dunia, nauli za meli, thamani ya shilingi yetu mbele ya dola, na kodi. Kiwanda cha TIPER kule Kigamboni, kilichofunguliwa mwaka 1966, kiliacha kusafisha mafuta ghafi zamani, na sasa ni maghala tu. Petroli yetu yaja imekwisha kusafishwa ng'ambo, nayo hununuliwa kwa fedha za kigeni. Wazee wetu wajua maana ya jambo hilo. Baada ya vita vya Mashariki ya Kati vya Oktoba 1973, bei ya pipa la mafuta ghafi ilipanda mara nne hivi katika muda wa miezi michache, na katika miaka iliyofuata wenye motokaa za binafsi walikatazwa kuzitembeza Jumapili alasiri. Leo hakuna marufuku ya namna hiyo, lakini dola inayotumika kununua petroli ni dola ile ile ambayo ingeweza kununua dawa au mbolea.

Basi kama bei haituulizi, liko jambo la pili ambalo latuuliza kila asubuhi, nalo ni hesabu ya lita. Tunasema waziwazi kwamba sehemu kubwa ya petroli inayonunuliwa na wenye magari madogo ya zamani katika jiji hili haiendeshi gari. Inapotea kwa uzembe wa wenye magari, na zaidi kwa desturi mbovu za gereji zetu.

Tutazame magari yenyewe. Mengi ni Toyota zilizotumika Japani miaka mingi kabla ya kufika bandarini kwetu: Corolla, Carina, Premio, Mark II. Ni magari imara, na mengi yamepita miaka 20. Aliyenunua Mark II ya GX100 yenye injini ya silinda sita asitazamie kwamba fundi atamgeuzia iwe Corolla ya silinda nne. Chaguo hilo alilifanya siku ya kununua. Lakini hata yeye anastahili gari linalokula kiasi chake na si zaidi.

Kiasi hicho ni kipi? Hapa ndipo wengi wetu tunaposhindwa kujibu. Ukimwuliza mtu gari lake linakwenda kilometa ngapi kwa lita, atakwambia, "Linakula kidogo tu," au "Siku hizi linakunywa sana." Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Jaza tangi mpaka pampu ijikate yenyewe, andika namba ya kilometa iliyo katika dashibodi, tembea kama kawaida, kisha ujaze tena katika kituo kile kile. Gawanya kilometa ulizokwenda kwa lita zilizoingia. Fanya hivyo mara tatu au nne, maana mara moja haitoshi. Mtu aendaye kilometa 40 kwa siku, siku 26 kwa mwezi, hutembea kilometa 1,040. Gari likienda kilometa 8 kwa lita atanunua lita 130. Likienda kilometa 10, lita 104. Tofauti ni lita 26. Tukihesabu kwa Shs. 3,000 kwa lita, ni Shs. 78,000 kila mwezi, na kwa familia nyingi za Tandika au Mwananyamala fedha hizo si haba.

Matairi ndiyo ya kwanza kutazamwa, kwa kuwa dawa yake ni rahisi. Tairi lenye upepo mdogo hulala barabarani, na injini hulazimika kulisukuma. Katika mlango wa dereva kuna kibandiko kinachoonyesha kipimo. Ni kweli maneno yake ni ya Kijapani, lakini tarakimu ni zile zile: 220 ya kibandiko hicho ni paundi 32 hivi za pampu zetu. Upepo upimwe asubuhi, kabla matairi hayajapata moto, tena upimwe kwa geji. Kijana wa pancha anayepiga tairi teke na kusema "liko sawa" hajapima kitu. Kisha, baada ya safari, usogeze mkono karibu na kila gurudumu. Likiwa moja lina joto kuliko wenzake, yaelekea breki yake imeng'ang'ania kwa vumbi na kutu, na gari limekuwa likijivuta lenyewe mchana kutwa.

Sasa tuje kwenye lile linalotukera kuliko yote, yaani kung'olewa kwa themostati. Themostati ni kilango kidogo kinachokaa katika njia ya maji baina ya injini na rejeta. Maji yakiwa baridi, kilango hufungwa ili injini ipate joto upesi. Yakifika nyuzi 80 na kitu, hufunguka ili maji yakapozwe. Chini ya miembe ya jiji hili imekuwa kama sheria kwamba gari likichemsha, fundi hukitoa kilango hicho, hukitupa, hufunga bomba, na humwambia mwenye gari kwamba nchi ya joto haihitaji themostati.

Hoja hiyo ina sura ya akili, lakini haina akili ndani yake. Joto la hewa ya Dar es Salaam ni nyuzi 30 na kitu. Injini yahitaji kupita 80. Themostati ikiondolewa, maji huzunguka katika rejeta tangu gari linapowashwa, na gari likipata barabara wazi injini hupoa chini ya kiasi chake. Kompyuta inayopima petroli ya kuingia hupata habari kwamba maji bado ni baridi, ikadhani gari limewashwa sasa hivi, nayo huongeza petroli. Hivyo gari hutembea safari nzima kama linaloamka usingizini. Petroli ya ziada isiyoungua vizuri huosha oili katika kuta za silinda, na injini huchakaa kabla ya wakati wake. Mwenye gari ameokoa bei ya kifaa kidogo, kisha ailipe kila wiki katika kituo cha mafuta.

Na lile gari lilichemsha kwa nini? Mara nyingi kwa sababu rejeta imeziba kutu na magadi, kwa kuwa imejazwa miaka na miaka maji ya kisima yenye chumvi badala ya kulanti. Au feni haizunguki, au pampu ya maji imechoka, au kifuniko cha rejeta hakishiki. Maradhi hayo hubaki pale pale baada ya themostati kutupwa. Yamefichwa tu mpaka siku ya foleni kubwa.

Dada wa kosa hilo ni taa ya injini katika dashibodi. Katika ekzosi kuna sensa ya oksijeni, inayoiambia kompyuta kama petroli imezidi au imepungua. Sensa ikifa, kompyuta hukisia. Wizara ya Nishati ya Marekani imeandika kwamba kurekebisha kasoro kubwa ya namna hiyo kwaweza kuongeza mwendo wa gari kwa lita hata kwa asilimia 40. Huku kwetu wako mafundi wanaoitibu taa hiyo kwa kuing'oa balbu yake au kuibandika karatasi nyeusi.

Kuhusu chujio la hewa, tusipoteze maneno mengi. Lisafishwe, libadilishwe, maana vumbi la mitaa yetu ni jingi na huila injini. Lakini asiahidiwe mtu muujiza: uchunguzi wa maabara ya Oak Ridge ya Marekani wa mwaka 2009 ulionyesha kwamba katika magari yenye kompyuta, chujio chafu hupunguza nguvu ya gari zaidi kuliko kuongeza ulaji wa petroli. Ni magari ya kabureta ndiyo yaliyoumia kwa jambo hilo. Kadhalika plagi zilizochakaa zibadilishwe, oili iwe ya kiwango kilichoandikwa na waliotengeneza gari, na buti lisiwe stoo ya mifuko ya saruji na vyuma.

Wako pia wauzao sumaku za kufunga katika bomba la petroli, na vidonge vya kutia katika tangi. Shirika la Marekani la kulinda mazingira limepima vifaa kama hivyo zaidi ya 100, na vilivyosaidia ni vichache mno, tena kwa kiasi kidogo. Mwenye Shs. 50,000 za kununulia sumaku na anunue themostati, na chenji atarudishiwa.

Dereva naye ana hesabu yake. Kuondoka kwa kishindo toka taa moja ili ukafunge breki kwa nguvu kwenye taa ya pili ni kununua mwendo na kuuchoma papo hapo. Wako wanaotia nyutro katika mteremko wakidhani wanaokoa; katika gari lenye kompyuta, ukiachia mafuta huku gia imeingia, petroli hukatwa kabisa, ila ukiwa katika nyutro injini huendelea kunywa ili isizimike, na udhibiti wako wa gari hupungua. Gari dogo lililosimama huku linanguruma hutumia zaidi ya nusu lita kwa saa, na kiyoyozi huongeza.

Kwa habari ya kusimama, hatuwezi kumlaumu dereva peke yake. Daraja la Mfugale pale TAZARA lilifunguliwa mwaka 2018, na barabara za juu za Kijazi pale Ubungo mwaka 2021, nazo zimeleta nafuu. Lakini ukitoka katika barabara kuu ukaingia mitaani, matuta na mashimo humlazimisha mtu kukanyaga na kufunga, kukanyaga na kufunga. Mwaka 2017 Serikali ilifuta ada ya mwaka ya leseni ya motokaa na kuongeza Shs. 40 za ushuru katika kila lita. Mwaka 2023 ikaongeza Shs. 100 nyingine. Maana yake ni kwamba mtu wa Mbagala ambaye barabara mbovu humfanya achome lita zaidi hulipa kodi zaidi kwa sababu ya ubovu huo huo. Halmashauri za Temeke na Kinondoni zinapopanga fedha za barabara za mitaa, zilitazame jambo hilo.

Na mafundi wetu? Hatuwadharau. Vijana wa gereji za mitaani ndio wanaoliendesha jiji hili, na wengi walijifunza kwa kumshikia spana fundi mwingine, katika siku ambazo magari yalikuwa ya kabureta na sikio lilitosha kuwa kipimo. Magari yamebadilika, mafunzo hayakuwafuata. Chuo cha VETA kipo Chang'ombe, hatua chache toka gereji nyingi za Temeke. Chuo cha Taifa cha Usafirishaji kipo Mabibo. Fundi mwenye watoto wanne hawezi kufunga kazi miezi sita akakae darasani. Tunashauri mafunzo ya jioni, wiki mbili au tatu, yapelekwe Tandika, Keko na Mwananyamala kwenyewe, na kila kundi la mafundi kumi likopeshwe kifaa kimoja cha kusomea kompyuta ya gari, wakilipe kidogo kidogo kutokana na kazi. Na somo la siku ya kwanza liwe kuchemsha maji katika sufuria, kutumbukiza themostati, na kuitazama ikifunguka.