Ufadhili wa mafunzo ya teknolojia usiwapite vijana wa Sotik

Kwa miaka mingi, kijana wa Sotik, Kaunti ya Bomet, aliyekosa karo ya chuo baada ya Kidato cha Nne alikuwa na kimbilio: kibarua cha kuchuma majani chai. Kimbilio hilo linatoweka. Mei 2023, hasira dhidi ya mashine za kuchuma chai ililipuka katika kaunti jirani ya Kericho. Mashine zikateketezwa, watu wakajeruhiwa. Makadirio ya wakati huo yalisema Kericho pekee ilikuwa imepoteza takriban ajira 30,000 katika mwongo mmoja. Hata suluhu ya jopokazi la kaunti hiyo, iliyolenga kampuni za Kericho na Bomet, iliipa mashine asilimia 60 ya uchumaji na kuiachia mikono 40.

Ufadhili wa mafunzo ya teknolojia ndio uliotarajiwa kuziba pengo. Mpango wa serikali wa Ajira Digital huwafunza vijana kazi za mtandaoni bila malipo, na yapo mashirika yanayolipia masomo ya kuunda programu za kompyuta. Lakini masharti ya ufadhili mara nyingi humtema yule yule anayekusudiwa. Fomu hujazwa mtandaoni, naye ana simu iliyopasuka kioo na bando la saa moja. Anaitishwa cheti cha mtihani wa Kidato cha Nne (KCSE), nacho kimezuiliwa shuleni kwa sababu ya deni la karo, ingawa sheria inakataza jambo hilo. Akibahatika kupenya, analipiwa masomo kisha anaambiwa aje na laptopu yake. Nafasi inaishia kwa mtoto wa mwenye nacho.

Dhuluma hii ikomeshwe. Wafadhili walipie masomo pamoja na kompyuta, bando na nauli, na maombi yapokelewe pia kwa karatasi katika ofisi za machifu. Wizara ya Elimu iwachukulie hatua walimu wakuu wanaozuia vyeti. Kampuni za chai, zinazovuna faida ya mashine, ziwafunze watoto wa vibarua kuendesha na kukarabati mashine hizo. Serikali ya Kaunti ya Bomet nayo itangaze idadi ya vijana waliofadhiliwa katika kila wadi.

Ghasia za 2023 zilikuwa onyo. Kijana asiye na kibarua wala ujuzi hawezi kutulizwa kwa jopokazi jingine. Hatua hizi zianze kabla ya usajili ujao wa vyuo vya kiufundi.