Mkimaliza Kupima Gauni, Pimeni na Mkataba

Mwaka 2015 mwimbaji Shilole alikwenda kutumbuiza Ubelgiji. Picha za shoo hiyo zilizoonyesha kifua chake zilipofika nyumbani, Baraza la Sanaa la Taifa, BASATA, likamfungia mwaka mzima. Januari 2021 ikawa zamu ya Gigy Money, aliyepanda jukwaani Dodoma na vazi lililoanika maungo. Alifungiwa miezi sita na kutozwa faini ya shilingi milioni moja, na televisheni iliyorusha shoo hiyo nayo ikasimamishwa. Machi 2024 baraza la sanaa la Zanzibar likamfungia Zuchu miezi sita kwa maneno na vitendo vyake jukwaani Kendwa. Majina hubadilika, lakini hukumu ya mtaani haibadiliki: hawa ndio wanaowaangusha wanawake wenzao. Wangejisitiri, wangeheshimiwa.

Hukumu hiyo haitolewi na wazee wa vibarazani peke yao. Hutolewa redioni na wanawake wasomi, hutolewa kwenye semina za usawa wa kijinsia, tena kwa sauti ya huruma: mtoto wa watu ana kipaji, anakiharibu kwa kukaa uchi. Ufeministi, wanasema, haukupiganiwa ili wasichana wakate mauno wamevaa chupi za shanga.

Imani hiyo ina sehemu mbili, na zote mbili ni za uongo. Ya kwanza inasema heshima ya mwanamke hutokana na urefu wa nguo yake. Ya pili inasema mwimbaji aliyevaa nguo fupi amewasaliti wanawake.

Tuanze na stara. Tarehe 1 Juni 2021 mbunge wa Momba, Condester Sichalwe, alitolewa nje ya ukumbi wa Bunge, Dodoma. Alikuwa amevaa suruali ndefu nyeusi na blauzi. Hapakuwa na paja nje, wala kitovu, wala mgongo. Mbunge mwenzake wa kiume alisimama kulalamika kwamba suruali inabana, na Spika akamwamuru akabadilishe. Yule hakuwa mwanamuziki anayetafuta kiki. Alikuwa mwakilishi wa wananchi, kazini kwake, amefunikwa hadi kifundo cha mguu. Anayeamini kwamba kuna kipimo cha nguo ambacho mwanamke akikifikia ataachwa kwa amani, aeleze kipimo hicho kilikuwa wapi siku ile.

Aeleze pia kilikuwa wapi zama za Siti binti Saad. Mwana huyu wa Fumba alihamia mjini Unguja mwaka 1911, maskini, akaja kuwa mwimbaji ambaye Afrika Mashariki haikuwahi kumpata mfano wake. Mwaka 1928 alikwenda Bombay kurekodi santuri za Kiswahili, na maelfu ya nakala zikauzwa kutoka Lamu hadi bara. Mahasidi wake walimtungia wimbo wa kumsimanga. Hawakuikosoa sauti yake, kwa sababu haikuwa na doa. Walimkumbusha kaniki alizokuja nazo kutoka shamba. Kaniki ilikuwa nguo ya mtumwa na mtu fukara, na baada ya utumwa kufutwa kisheria Unguja mwaka 1897, wanawake wengi waliitupa wakajifunga kanga, na baadaye wakavaa buibui lililokuwa la wanawake wa tabaka la juu. Kwa hiyo Siti hakusimangwa kwa kukaa uchi. Alisimangwa kwa kuwa mwanamke wa chini aliyepanda juu, na nguo ndiyo iliyokuwa karibu na mkono wa msimangaji.

Historia hiyo ya kanga na buibui inapaswa kuwanyamazisha hata wale wa upande wa pili, wanaodhani kila mwanamke aliyejifunika ni mfungwa anayesubiri kufunguliwa. Kwa mjukuu wa mtumwa, kujifunika kulikuwa kutangaza uhuru. Aliyejifunika buibui mtaani Ng'ambo, Unguja, mwaka 1920 na anayevaa kaptura jukwaani Mwanza leo wanaweza kuwa wanasema neno lile lile: mwili huu hauna bwana.

Na serikali? Serikali imewahi kuingia kwenye kabati za raia kwa kauli mbili zinazopingana kwa wakati mmoja. Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU, chama tawala, ulitangaza Operesheni Vijana, kampeni ya kupiga marufuku sketi fupi, mawigi, suruali za kubana na vipodozi vya kujichubua kuanzia Januari 1969. Hata kabla ya tarehe hiyo kufika, vijana walikwisha kuwavamia wasichana Kariakoo na kuwashusha kwenye mabasi. Sababu iliyotolewa ni kwamba sketi fupi ni uzungu, si utamaduni wa Mwafrika. Lakini miaka hiyo hiyo, Arusha, Wamaasai walikuwa wakisukumwa waache rubega na waingie kwenye suruali, kwa sababu vazi lao la asili lilionekana ni aibu kwa taifa linaloendelea. Msichana wa Dar es Salaam alikosea kwa kuacha utamaduni, na Mmaasai alikosea kwa kuushika. Hakuna fundi anayeweza kushona nguo ya kuwaridhisha watawala wa namna hiyo.

Wanaotetea marufuku husema utamaduni wetu ni wa haya. Ni kweli, haya ipo na ina thamani yake, lakini utamaduni wetu ni mpana kuliko wanavyousimulia. Bi Kidude, Fatuma binti Baraka, aliyefariki tarehe 17 Aprili 2013 na kuzikwa kwa heshima kubwa, alikuwa kungwi wa unyago. Alipiga ngoma ya msondo amesimama, ngoma ikiwa katikati ya miguu yake, akiwafundisha wari mambo ya chumbani kwa maneno na kwa kiuno. Alivuta sigara hadharani. Mwaka 2005 alipewa tuzo ya WOMEX, na leo viongozi wanamtaja kuwa hazina ya taifa. Na viuno vya ngoma ya baikoko ya Tanga havikutoka Los Angeles.

Mtu anaweza kujibu kwamba unyago ni wa ndani, wanawake kwa wanawake, si wa kurushwa kwenye simu ya mtoto wa miaka tisa. Jibu hilo ni la haki, na lifuatwe hadi mwisho wake. Likifuatwa, linatuongoza kwenye kanuni za saa za kurusha vipindi, kwenye umri wa kuingia ukumbini, kwenye wajibu wa kituo na wa mwandaaji wa tamasha. Halituongozi kwenye kumnyima mwanamke ridhiki yake mwaka mzima kwa nguo aliyoivaa mbele ya watu wazima waliolipa kiingilio huko Ulaya.

Lakini uongo wa sehemu ya pili ndio unaoumiza zaidi, kwa sababu umevaa joho la kuwatetea wanawake. Inasemwa kwamba mwimbaji wa nguo fupi huwafanya wanaume wawadharau wanawake wote. Ushahidi wa barabarani unaonyesha mambo yanavyokwenda. Februari 2014 Rais Museveni wa Uganda alitia saini Sheria ya Kupambana na Ponografia, ambayo Waganda wakaibatiza sheria ya sketi fupi. Muda si mrefu makundi ya wanaume yakaanza kuwavua nguo wanawake mitaani, hata polisi wakalazimika kuonya kwamba hakuna raia aliyepewa kazi hiyo. Mwishoni mwa mwaka huo mwimbaji chipukizi Jemimah Kansiime alikamatwa kwa video yake akiwa amevaa chupi na povu la sabuni, akakaa mahabusu wiki kadhaa kwa kukosa dhamana. Agosti 2021 Mahakama ya Katiba ya Uganda ilivifuta vifungu vikuu vya sheria hiyo. Haikumrudishia Kansiime wiki zake.

Nairobi nako, Novemba 2014, mwanamke alivuliwa nguo na makondakta kwenye kituo cha matatu mchana kweupe, kamera za simu zikiwaka. Hakuwa msanii. Mamia ya wanawake waliandamana wakidai kwamba nguo zao ni uamuzi wao, na mwisho wa mwaka huo Kenya ikaingiza kwenye Kanuni ya Adhabu kosa la kumvua mtu nguo kwa nguvu. Hapo ndipo ufeministi ulipofanya kazi yake: haukuwaomba wanawake washone sketi ndefu, uliwafuata waliovua.

Mpangilio huo wa adhabu, wa kumwacha mtenda na kumshika aliyetendwa, unaonekana hata kwenye majukwaa makubwa ya dunia. Tarehe 1 Februari 2004, mjini Houston, Janet Jackson na Justin Timberlake waliimba wakati wa mapumziko ya fainali ya mpira wa Kimarekani. Mwishoni Timberlake alivuta kipande cha vazi la Jackson, na titi likaonekana kwa muda usiofika sekunde moja. Mkono ulikuwa wa mwanamume. Wiki iliyofuata Timberlake alihudhuria tuzo za Grammy akaondoka na tuzo mbili. Jackson hakuwepo. Kituo cha CBS kilipigwa faini ya dola 550,000, ambayo mahakama baadaye iliifuta, lakini nyimbo za Jackson zilipotea redioni na kwenye televisheni za muziki wakati umaarufu wa mwenzake ukipanda. Mwaka 2018 Timberlake alirudishwa kwenye mapumziko ya fainali hizo hizo kama mtumbuizaji mkuu. Msamaha wa wazi kwa Jackson aliuomba Februari 2021, miaka 17 baadaye. Hili si suala la urefu wa nguo hata kidogo.

Kuna hoja moja nzito upande wa wapinzani. Oktoba 2013 mwimbaji Sinéad O'Connor alimwandikia mwimbaji mwenzake Miley Cyrus barua ya wazi akimwonya kwamba wafanyabiashara wa muziki watautumia mwili wake, watachuma, kisha watamtupa. O'Connor alikuwa na haki ya kusema. Wakubwa wa lebo walipomtaka afuge nywele na avae kike ili auzike, alinyoa kipara. Miaka mitano baada ya barua ile alisilimu, akavaa hijabu, na hijabu nayo ikajadiliwa magazetini kama kipara kilivyojadiliwa. Onyo lake ni la kweli: msichana wa miaka ishirini anayesema amechagua mwenyewe huenda amechaguliwa na meneja, na prodyuza, na mwongozaji wa video anayejua ni picha gani inayovuta watazamaji. Uchaguzi unaofanywa na mwenye njaa mbele ya mwenye pesa si wa kushangilia tu.

Hata hivyo, barua ile isomwe kwa makini. Mshitakiwa wake mkuu ni mchumaji. Huku kwetu watu huchukua onyo la O'Connor, wakamwondoa mchumaji, wakamwacha binti peke yake kizimbani. Meneja aliyemnunulia lile vazi haitwi popote.

Na ukitaka kujua mwimbaji anashikwa wapi hasa, usitazame mapaja, tazama karatasi. Mwaka 2014 mwimbaji Kesha alikwenda mahakamani Marekani akitaka kufunguliwa kwenye mkataba na prodyuza aliyemtuhumu kumdhulumu kingono, tuhuma ambazo prodyuza huyo alizikana muda wote. Mwaka 2016 jaji wa New York alikataa kumfungua. Kesi zao ziliendelea hadi Juni 2023 zilipomalizwa kwa makubaliano. Kwa miaka yote hiyo Kesha aliweza kuvaa alichotaka, gauni refu au kaptura, na hakuna kitambaa kilichoweza kumtoa kwenye saini yake.

Siti binti Saad alilijua jambo hili kabla ya neno ufeministi kufika pwani. Kati ya nyimbo zake zinazokumbukwa ni ule wa Kijiti, kuhusu mwanamke mgeni aliyebakwa na kuuawa Unguja. Muuaji alitoroka, na adhabu ikawaangukia wanawake waliojitokeza kutoa ushahidi. Siti hakuuliza marehemu alikuwa amevaa nini. Aliuimba uonevu wa mahakama, santuri ikaenda mbali, na jina la Kijiti likabaki midomoni mwa watu hadi leo.

Mabaraza ya sanaa yana nguvu ya kumwita msanii ofisini kwa sababu ya vazi la wimbo mmoja. Basi nguvu hiyo hiyo iite lebo na menejimenti, iwaulize: rekodi halisi za nyimbo zake ni mali ya nani? Pesa za mtandaoni anapata asilimia ngapi, na hesabu anaonyeshwa lini? Akitaka kuondoka, atalipa kiasi gani, na nani alimsomea kifungu hicho kabla hajatia saini? Kuna mtu aliyemtaka kimwili ili wimbo urekodiwe au uchezwe redioni? Swali hilo la mwisho halihitaji kanuni mpya ya maadili. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya Tanzania, kifungu cha 25, imeifanya rushwa ya ngono kuwa kosa la jinai tangu mwaka 2007, na inamhusu kila anayetumia madaraka yake kudai mwili wa mtu, awe mkuu wa idara au mwenye studio. Wanaotaka kumtetea binti jukwaani wana kazi ya kuanza nayo kesho asubuhi, na sheria yake iko tayari mezani.