Original ya Nani?

Fundi saa ninayemtegemea pale Kariakoo hana duka. Ana kijimeza cha kioo kando ya Mtaa wa Msimbazi, mwavuli uliopauka kwa jua, na lupa anayoibana jichoni kutwa nzima. Mwezi uliopita nilimpelekea saa yangu janja baada ya mkanda kuchomoka nikishuka kwenye daladala. Saa ingekwenda mtaroni kama isingeangukia kwenye kikapu cha nyanya cha mama aliyekuwa mbele yangu.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, mwanangu. Imekufanyaje?"

"Mkanda umechomoka. Lakini ni original, fundi, nimelipa elfu themanini."

"Milimita ngapi?"

"Original kabisa, ulikuja na boksi lake."

"Sijakuuliza ukoo wake. Nimekuuliza upana."

Nikanyamaza, maana jibu sikuwa nalo. Akatoa rula ya chuma iliyochakaa herufi, akapima nafasi iliyo kati ya zile pembe mbili za saa zinazoushika mkanda: 22. Akapima mkanda: 20. Pini ilikuwa imeshika kwa ncha tu, kama mtu aliyening'inia mlangoni mwa basi kwa vidole viwili. Kwa wiki tatu nilikuwa natembea na saa ya laki kadhaa mkononi, huku nikijisifu kwamba mkanda wangu si feki.

Tangu siku hiyo nimeanza kusikiliza watu wanavyonunua mikanda, na karibu wote wanang'ang'ania neno nililong'ang'ania mimi: "Hii original?" Imani yetu ni kwamba mikanda ya saa iko ya aina mbili tu duniani, ya kampuni na ya uongo, na kwamba ukishapata ya kampuni umemaliza kazi. Imani hiyo ni potofu. Inatutoa fedha, inatupa usingizi wa mchana, na kubwa zaidi, inatuzuia kuuliza maswali matatu yanayohusu mkono: upana gani, unafungwaje, na kitu gani kinagusa ngozi yangu.

Kwanza tulitazame neno lenyewe. Sokoni kuna original, kuna original ya Dubai, kuna original kopi, kuna original daraja la kwanza. Neno likishafika hapo halina tena maana, limekuwa sauti ya kumtuliza mteja kama "karibu boss". Na hata pale muuzaji anaposema kweli, mkanda umetoka kwa kampuni iliyotengeneza saa, unakuwa umejua jambo moja tu: jina lililopigwa mhuri mgongoni mwake. Hujajua kama unaingia kwenye saa yako, wala kama unaufaa mkono wako.

Tuanze na upana. Saa janja nyingi zimerithi vipimo vya saa za mishale: milimita 18, 20 na 22. Galaxy Watch 4 ya Samsung ya mwaka 2021, pamoja na ile ya 5 na ya 6 zilizofuata, zinavaa mkanda wa milimita 20. Galaxy Watch ya mwaka 2018, ile kubwa ya milimita 46, inavaa wa 22, sawa na Huawei Watch GT ya ukubwa huo huo. Vipimo hivi havina mwenyewe. Mkanda wa milimita 20 uliotoka kwenye saa ya babu unaweza kuingia kwenye Galaxy ya mjukuu, na hakuna atakayeomba kibali.

Wapo watengenezaji waliokataa pini za kawaida wakabuni kufuli zao. Apple ni mmoja wao: mkanda wake unateleza kwenye mfereji ubavuni mwa saa. Hapo wenzangu wa original hunishika shati: "Umeona? Kwa saa hiyo lazima ununue wa kampuni." Hata kidogo. Mwaka 2015, muda mfupi tu baada ya saa hiyo kuingia sokoni, Apple yenyewe ilichapisha mwongozo kwa watengenezaji wengine waliotaka kuitengenezea mikanda. Mwenye nyumba kafungua mlango, sisi tunabaki dirishani tukisema ni marufuku kuingia.

Tena kwa Apple ndiko imani ya original inakoanguka kifudifudi. Saa zake za kwanza zilikuwa za milimita 38 na 42, na hapo 42 ndiyo ilikuwa kubwa. Mwaka 2024 ikatoka Series 10, ya milimita 42 na 46, na sasa 42 ndiyo ndogo. Chukua mkanda halali wa kampuni ulioandikwa 42, wa mwaka 2015, na risiti yake mkononi. Upeleke kwenye saa ya 42 ya mwaka 2024. Hauingii. Upeleke kwenye ile ya 46, unaingia kama umezaliwa nao. Sasa niambie, original imekusaidia nini hapo? Aliyeuliza "wa saa kubwa au ndogo, ya toleo gani" kashinda. Aliyeuliza ukoo karudi dukani kugombana.

Swali la pili, unafungwaje, nalo lina mtego wake. Upo mkanda maarufu wa nailoni ambao watu wanauita NATO. Asili yake ni Wizara ya Ulinzi ya Uingereza, iliyouwekea viwango mwaka 1973. Askari alijaza fomu ya G1098 akapewa wake wa kijivu. Ni kitambaa kirefu kinachopita chini ya saa nzima, kwa hiyo pini moja ikikatika, saa inabaki mkononi ikining'inia kwenye ile ya pili. Kwa saa ya mishale sijui mkanda wenye akili kuliko huo.

Nilipomwomba fundi anivalishe huo, alitikisa kichwa. Akaigeuza saa, akanionyesha ile taa ya kijani inayomulika ngozi kusoma mapigo ya moyo. "Ukipitisha kitambaa hapa, umeifunga macho." Kweli tupu. Saa janja inahitaji mgongo wake uguse ngozi, na iguse bila kuchezacheza. Mkanda uliolegea unaruhusu mwanga wa nje kuingia na saa kutikisika, na hesabu ya mapigo inavurugika, hasa ukiwa unakimbia. Ndiyo maana mkanda wenye matundu yaliyo mbalimbali mno, unaokulazimisha kuchagua kati ya kubana hadi ganzi na kulegea hadi saa inazunguka mkono, ni mkanda mbaya hata ukitoka kiwandani kwa mwenye saa.

Fundi alinipa mkanda wa nailoni wa vipande viwili, milimita 22, wa kunata badala ya bizimu, unaokaza popote unapotaka. Shilingi 6,000. Haujachomoka.

Tufike kwenye ngozi, ambako watetezi wa original wanajiona wana hoja nzito. Wanasema: mkanda wa bei rahisi una sumu, utakuunguza, wa kampuni umepimwa. Basi tuikumbuke Fitbit Force. Mapema mwaka 2014 kampuni ya Fitbit iliiondoa sokoni baada ya wavaaji kutokwa na vipele na malengelenge mkononi. Mamlaka ya usalama wa bidhaa ya Marekani ilieleza kwamba takriban vifaa milioni 1 vilitakiwa kurudishwa nchini humo, na kwamba mzio huo ungeweza kutokana na chuma cha kifaa, malighafi ya mkanda au gundi iliyotumika kukiunganisha. Mkanda ule haukuwa feki. Ulikuwa original kuliko original.

Ushahidi wa karibuni unauma zaidi. Desemba 2024, watafiti wa Chuo Kikuu cha Notre Dame nchini Marekani walichapisha matokeo ya kupima mikanda 22 ya saa janja na vifaa vya mazoezi. Mikanda 15 ilikutwa na florini, dalili ya zile kemikali ambazo hazivunjiki kwa urahisi katika mazingira wala mwilini. Iliyouzwa kwa zaidi ya dola 30 ilikuwa na florini nyingi kuliko iliyouzwa chini ya dola 15. Mzizi wake ni fluoroelastoma, ule mpira laini usioshika uchafu ambao matangazo huusifu kama malighafi ya hali ya juu. Watafiti hawakusema kwamba aliyevaa ataugua. Walisema kemikali hizo zimo, na wakashauri mnunuzi achague mkanda wa silikoni wa bei nafuu. Wa bei nafuu! Maneno hayo yangetoka kwa mmachinga, tungemcheka.

Sasa nitende haki. Si kila cha bei ya chini ni kizuri, na wanaosema rahisi ni ghali hawakuota. Mkanda wa chuma uliopakwa rangi ya kung'aa unaweza kuwa na nikeli, na nikeli ni miongoni mwa vyanzo vikubwa vya mzio wa ngozi. Umoja wa Ulaya umeweka kikomo: kitu kinachokaa kwenye ngozi kwa muda mrefu kisiachie zaidi ya mikrogramu 0.5 kwa sentimita moja ya mraba kwa wiki. Mkanda wa meza ya barabarani nani ameupima? Vilevile Fitbit ilikuwa na mlango wa kugonga na fedha za kurudisha. Muuzaji anayehamisha meza kila Jumatatu hana. Hayo nayakubali. Lakini tazama, hata hapa dawa yake ni kuuliza "ni wa malighafi gani?" na "nikirudi na vipele utanibadilishia?" Swali la ukoo halijibu lolote kati ya hayo mawili. Na mwenye mzio wa nikeli aachane na vyuma vya kung'aa, achukue nailoni, silikoni au titani.

Kuna jambo jingine ambalo boksi la kampuni halitakuandikia, nalo ni maisha yako. Mkanda wa ngozi tunauita mkanda wa heshima. Mtu akipandishwa cheo, wa kwanza kubadilishwa ni huo. Haya, mvalishe mtu wa Tanga au Mombasa anayeswali swala tano. Mara tano kwa siku anatia udhu, na maji lazima yafike kwenye ngozi mpaka viwikoni. Ama auvue mkanda mara tano, ama ausogeze na kuulowesha mara tano. Ongeza jasho la Februari. Baada ya miezi michache heshima ile inatoa harufu, imekakamaa na kupasuka kwenye tundu analolitumia. Mtu huyu anahitaji mkanda unaovulika kwa mkono mmoja na usioogopa maji. Silikoni inamtosha, na kwenye mazoezi pia, mradi aioshe kwa sabuni na kuikausha upande wa ndani, kwa sababu vipele vingi tunavyovisingizia ufeki ni jasho na sabuni vilivyofungiwa chini ya mkanda.

Mpishi au mama ntilie ana hesabu yake: nailoni inakunywa mchuzi, na manjano yakishaingia hayatoki. Anayeingia ofisini asubuhi na uwanjani jioni ana hesabu nyingine, na yeye hahitaji mkanda mmoja wa 80,000. Anahitaji miwili au mitatu ya bei ya kawaida, yenye pini za kisasa zenye kile kijiti kidogo cha kusukuma kwa ukucha, abadilishe bila hata kwenda kwa fundi. Mikanda ya kubadilisha ilibuniwa kwa ajili hiyo hasa. Imani ya original imetugeuza watu wa kununua mkanda mmoja ghali na kuuvaa kazini, bafuni na msibani hadi uoze.

Kwa wanaotaka kujua kipi hasa kinadumu, nawapa kisa kimoja. Mwaka 2015 Apple iliuza saa ya dhahabu kuanzia dola 10,000. Mwaka 2018 programu mpya ya saa hizo, watchOS 5, haikuipokea tena. Ikabaki pambo la gharama. Lakini mkanda wa mpira wa dola 49, ulionunuliwa mwaka huo huo wa 2015 kwa saa kubwa, bado unaingia kwenye saa kubwa ya mwaka 2024. Dhahabu imepitwa, kipimo kimebaki.

Kwa hiyo ndugu msomaji, siku utakayosimama mbele ya ukuta wa mikanda, iwe Kariakoo au Luthuli Avenue kule Nairobi, meza neno original kabla halijakutoka. Taja toleo la saa yako na upana wake. Omba uvalishwe palepale, uvute pande zote mbili kwa nguvu, utikise mkono juu ya meza, si juu ya mtaro. Uliza ni malighafi gani, na muuzaji asiyejua mwache na boksi lake. Kama hujui upana, pima nyumbani kabla hujatoka. Rula ya mtoto wa shule ya msingi ina milimita zote unazozihitaji, na tayari iko kwenye begi lake.